Goti la mchezaji si chuma

Ikiwa una binti anayecheza voliboli shuleni, keti nami kidogo.

Huenda uliwatazama Malkia Strikers wetu wakimenyana na Uchina katika Kombe la Dunia la 2015, au lile la 2019. Uchina ilitwaa vikombe vyote viwili, na kocha wake mara zote mbili alikuwa mama mrefu mwenye nywele fupi, Lang Ping. Waandishi wa michezo wamekwisha kumsifu. Mimi ni daktari, na ninachokitazama ni magoti yake.

Enzi zake za kucheza aliitwa "Nyundo ya Chuma" kwa namna alivyoushindilia mpira. Alishinda Kombe la Dunia mwaka 1981, ubingwa wa dunia mwaka 1982, na dhahabu ya Olimpiki kule Los Angeles mwaka 1984. Baadaye, akiwa kocha, aliifikisha Uchina kwenye medali ya fedha mwaka 1996, akaipatia Marekani fedha mwaka 2008, kisha akarudi nyumbani na kushinda dhahabu Rio de Janeiro mwaka 2016. Hakuna mtu mwingine kabla yake aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya voliboli akiwa mchezaji na tena akiwa kocha mkuu. Lakini mama huyo amelazwa kwenye meza ya upasuaji mara kadhaa kwa majeraha ya uwanjani, na mwaka 1998 aliacha kuifundisha Uchina, afya ikiwa miongoni mwa sababu.

Kwa nini goti? Mshambuliaji huruka mamia ya mara kwa wiki. Kila atuapo, uzito unaozidi ule wa mwili wake hupitia katika kano nene iliyo chini ya pia ya goti. Kano hiyo hujikarabati, ila kwa polepole sana. Isipopewa muda huanza kuuma asubuhi, halafu wakati wa kushuka ngazi, na mwishowe hata akiwa ameketi tu. Tiba yake ni kupunguza kuruka na kuyaimarisha mapaja kwa mazoezi ya taratibu, kwa miezi. Makocha hawapendi kusikia neno hilo "miezi".

Nami sina usafi wa kuwanyoshea kidole. Miaka kadhaa iliyopita niliketi mbele ya msichana wa kidato cha tatu, goti limevimba. Mwalimu wake aliniambia, "Daktari, mpige sindano tu, fainali ni kesho." Msichana mwenyewe alinisihi kwa macho. Nilijua kwamba sindano ile haitaponya lolote, itanyamazisha maumivu tu, na maumivu ndiye askari wa lango. Hata hivyo nilimpiga. Kesho yake aliruka, akatua kwa mguu mmoja, na kano ya ndani ya goti ikakatika. Timu ilishinda. Mamake alipokuja kliniki hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

Wasichana hukatika kano hiyo mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uo huo. Wakifundishwa kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na hayaelekeani, hatari hupungua. Mafunzo hayo hayahitaji pesa wala mashine, na yanaweza kufanyika hata katika viwanja vyetu vya udongo mgumu.

Lang Ping alilijua hili kwa mwili wake. Aliporejea Uchina mwaka 2013 aliita wachezaji wengi kuliko ilivyokuwa desturi, ili aliyeumia apumzike na mwingine aingie, na akaleta wataalamu wa mazoezi na wa kurekebisha viungo. Nahodha wake, Hui Ruoqi, alipopata tatizo la moyo, alilikosa Kombe la Dunia la 2015, akatibiwa, akaongojewa. Mwaka 2016, katika fainali dhidi ya Serbia, ni yeye aliyepiga mpira wa mwisho wa dhahabu.

Linganisha na Flo Hyman, Mmarekani aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Lang Ping katika ile fainali ya 1984. Januari 1986, akicheza Japani, alitolewa uwanjani kama kawaida, akaketi kwenye benchi, akaanguka na kufa. Alikuwa na miaka 31. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umepasuka kwa sababu ya ugonjwa wa Marfan, ambao hakuna aliyekuwa ameugundua. Wenye ugonjwa huo mara nyingi huwa warefu, wenye mikono na vidole virefu kupita kiasi, yaani hasa watu ambao kocha wa voliboli huwatafuta! Daktari angeweza kuushuku kwa kumtazama tu na kuuliza habari za jamaa zake.

Basi, mzazi, kabla ya michezo ya muhula wa pili nenda shuleni ukaulize ni nani aliyempima binti yako, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema hatacheza kesho. Ukijibiwa kwamba ni kocha peke yake, usikubali. Na akiletwa kwangu siku moja kabla ya fainali, sindano hiyo sitoi tena. Nimekwisha kutukanwa mara mbili kwa ajili hiyo, mara moja mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni.