Msemaji wa wanafunzi ni wa nani?

Katika vyuo vikuu vya Kongo, vijana wengi wanaingia kamati ya wanafunzi wakitafuta cheo na njia ya kuwafikia wakubwa. Kamati hizo zilianza kwa sababu nyingine. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waliandamana wakidai fedha za masomo na sauti katika uendeshaji wa chuo. Wanajeshi wakawafyatulia risasi. Umoja wao, UGEC, Mobutu alikuwa ameshaupiga marufuku mwaka 1968, akaweka mahali pake vijana wa chama chake, MPR. Msemaji aliyewekwa na rekta atampinga vipi siku minervali inapopandishwa? Anayetaka uongozi aombe kura za wenzake, kisha awasomee hesabu ya michango yao.