Macho Hayakai Kwenye Paji la Uso

Jumapili ya watoto, katika kanisa moja la huku Mwanda, milimani, mhubiri aliinua mchoro wa mvulana wa Gredi ya 5 akauonyesha waumini. Ulikuwa mchoro wa askari wa wanyamapori amesimama na bunduki, na kweli ulipendeza. Kisha akasema maneno yaliyonichoma. Alisema mvulana huyu hakufundishwa na mtu. Alisema kuchora ni kipaji, na kipaji ama Mungu amekupa ama hakukupa. Ambaye hakupewa asijisumbue na rula na kupimapima, atafute jambo jingine la kufanya. Akamtaja Bezaleli wa Kitabu cha Kutoka kuwa shahidi wake. Watu wakaitika amina. Watoto wengine waliokuwa wameleta michoro yao nao wakaanza kuikunja, mmoja mmoja, na kuitia mifukoni.

Mhubiri hakuyatunga maneno hayo. Nimeyasikia kwenye vyumba vya walimu, nimeyasikia ndani ya matatu ya kupanda kutoka Voi, nimeyasikia kwa wazazi wanaomwona mtoto akichora wakasema, "Huyu ni wa kuzaliwa nayo," na wakimwona wa pili anahangaika na raba wakamwambia akachote maji. Yamerudiwa hadi watu wanayashika kama imani. Ni uongo, na ni uongo unaomtoa mtoto kwenye sanaa kabla hajaishika penseli sawasawa.

Tuanze na huyo Bezaleli, maana yeye ndiye aliyeitwa kutoa ushahidi. Sura ya 31 inasema alijazwa roho na ustadi wa kila kazi, sikatai. Lakini mhubiri ameiruka sura ya 25, ambako kazi yenyewe inaelezwa. Sanduku liwe na urefu wa dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo dhiraa moja na nusu. Juu yake wakae makerubi wawili, mmoja mwisho huu na wa pili mwisho ule, nyuso zikielekeana. Hapo kuna vipimo, kuna ulinganifu, na kuna wahusika wawili wenye mabawa. Fundi aliyejazwa roho alikabidhiwa vipimo. Hakuambiwa afuate hisia zake. Na dhiraa ni nini kama si mkono wa binadamu, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati? Dhiraa nne za mtu zinakaribia kimo chake. Mwili ulitumika kupima kabla ya rula kubuniwa, kisha tunaambiwa kupima ni kazi ya wasio na kipaji!

Sasa nije kwenye jambo ambalo sitaliacha. Chukua uzi. Shika ncha moja kwenye utosi wa mwenzako, si kwenye nywele, kwenye utosi wenyewe, na uuteremshe wima hadi chini ya kidevu. Kata hapo. Ukunje uzi katikati, kisha uuweke tena kutoka utosini. Mkunjo utaangukia kwenye macho. Macho ya binadamu yako katikati ya kichwa. Hayako kwenye paji la uso.

Mpe karatasi mtoto yeyote ambaye hajaambiwa hivyo, na nusu ya watu wazima wa kata hii pia, uone watakayaweka wapi. Watayaweka juu, karibu na nywele, na kichwa kitakatwa utosi kama chungu kilichovunjika mdomo. Wanafanya hivyo kwa sababu tunapomtazama mtu tunatazama macho, pua na mdomo. Paji la uso na utosi havina habari za kutupa, kwa hiyo akili inavifinya. Kosa hilo halina uhusiano wowote na kipaji. Ni kosa la jicho, kila mtu analo, na dawa yake ni uzi. Mtoto aliyekunja mchoro wake kanisani huenda alikuwa amekosea hapo tu, sentimita tatu juu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ukishayaweka macho mahali pake, mengine yanafuata. Upana wa uso kwenye mstari wa macho ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho panatosha jicho moja. Masikio yanaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Kiganja, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, kinafunika uso kutoka kidevu hadi nywele zinapoanzia. Jaribu sasa hivi. Kimo cha mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu. Mtoto mchanga ni vichwa vinne tu. Ndiyo maana ukutani mwa zahanati na shule nyingi za chekechea unaona mama amembeba mtoto anayefanana na mzee aliyesinyaa: mchoraji amempunguza mtu mzima akadhani amepata mtoto. Aliyelipwa kwa kazi hiyo alisifiwa kuwa ana kipaji. Huenda anacho. Hakuwahi kuhesabu vichwa.

Na ulinganifu? Unachora umbo la yai, unapitisha mstari wa wima katikati na mwingine wa mlalo kwenye macho. Kilicho kushoto kina mwenzake kulia. Kichwa kikigeuka, mstari wa katikati unapinda kuelekea upande ule, nusu moja ya uso inakuwa nyembamba, lakini macho yanabaki kwenye mstari mmoja na masikio yanabaki kwenye usawa wake. Najua hakuna uso ulio sawa kabisa pande zote mbili. Mstari unahitajika kwa sababu hiyohiyo. Bila mstari huwezi kujua ni nyusi ipi iliyopanda kwa hasira na ipi iliyopanda kwa mkono wako kuteleza.

Baada ya ibada, muumini mmoja alinifuata nje akaniambia kwamba tukitumia vipimo wahusika wote watafanana. Nilimtazama nikashangaa. Watu wote wa Mwanda wana macho katikati ya kichwa, je, wanafanana? Anashindwa kumtofautisha jirani yake na mkewe sokoni? Hoja kama hiyo ndiyo wanayoiona nzito watetezi wa kipaji.

Nenda ukamtazame mama anayesuka kikapu cha mkonge. Anahesabu nyuzi kuanzia kitako, anajua rangi inaingia baada ya nyuzi ngapi, na asipohesabu, pambo likizunguka halitakutana na mwanzo wake. Hajatokea mhubiri wa kumwambia kwamba kuhesabu kunaua kipaji. Kwake tunauita ufundi, tunamlipa, na tunampelekea binti afundishwe. Kwa mtoto mwenye penseli tunabadilisha dini.

Hata ndovu ana vipimo. Wanaofanya kazi Tsavo wanajua kwamba mzingo wa unyayo wa mbele wa ndovu, ukiuzidisha mara mbili, unakaribia kimo chake hadi begani. Mtu anaweza kukuta alama kwenye udongo mwekundu na kukuambia mnyama aliyepita alikuwa na kimo gani, bila kumwona. Tungekuwa tunawafundisha watoto wa Voi hilo, tusingekuwa na ndovu wale waliochorwa kwenye kuta za mahoteli, miguu kama ya mbuzi na kichwa kama gunia.  

Wapo watakaosema vipimo hivi ni vya Wazungu. Wamisri wa kale, watu wa Bara hili, walichora mistari ya gridi ukutani na kumgawa mtu aliyesimama katika miraba 18, kutoka nyayo hadi nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Mistari hiyo bado inaonekana kwenye baadhi ya makaburi. Wachongaji wa Kiyoruba waliamua kichwa kiwe karibu robo ya kimo chote, kwa kuwa kichwa ndicho chenye heshima kubwa zaidi kwa mtu, nao wakakishika kipimo hicho kizazi baada ya kizazi. Hawakukosea hesabu, walichagua hesabu yao. Nasi Wadawida wa huku? Mababu zetu walifukua mafuvu ya wazee wao wakayapanga kwa heshima kwenye mapango ya milima hii, na baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo. Waliyashika mafuvu hayo mikononi. Walijua matundu ya macho yako wapi kuliko sisi tunaosoma vitabu.

Kilicho cha kigeni ni hiyo imani ya kipaji kisichofundishwa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akakataa kuwafundisha Wakongo wake mbinu za Ulaya. Aliamini sanaa tayari imo ndani yao na kwamba kufundishwa kungewaharibu. Walitoka humo wachoraji wakubwa, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na kazi zao nazipenda. Lakini tazama mpango wenyewe. Kijana wa Paris alikuwa anaingia chuoni na kuchora mwili wa binadamu kwa vipimo, mfupa kwa mfupa. Kijana wa Elisabethville aliambiwa yeye amezaliwa nayo. Mtu ukimwambia amezaliwa nayo, huna haja ya kumjengea shule wala kumwajiria mwalimu. Leo tunayasema maneno yale kwa vinywa vyetu wenyewe, juu ya watoto wetu wenyewe, na tunaitikia amina.

Wanaoishi kwa kuchora wahusika hawana muda wa ngano hizi. Gado alikuwa ameanza kusomea usanifu majengo Dar es Salaam kabla ya kuja Nairobi kuchora katuni za gazeti la Nation mwaka 1992. Usanifu majengo ni vipimo kuanzia asubuhi hadi jioni. Anayeikuza pua ya mwanasiasa hadi msomaji akacheka lazima ajue kwanza pua hiyo ingeishia wapi, la sivyo amechora mtu mwingine. Filamu za katuni za Tinga Tinga Tales zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010 zilitengenezwa Nairobi na wasanii wengi kwa pamoja, na mhusika mmoja alipita mikononi mwa watu kadhaa. Akili, yule msichana wa katuni za Ubongo anayeishi chini ya Kilimanjaro, mlima ambao siku ikiwa safi tunauona kutoka vilima vyetu, anabaki yeye yule katika kila kipindi. Anabaki hivyo kwa sababu kuna karatasi inayoonyesha kichwa chake ni kikubwa kiasi gani kwa mwili wake na macho yake yanakaa wapi, na kila msanii anaifuata. Kazi hiyo huwezi kumpa mtu mwenye kipaji kitupu. Atamchora vizuri leo, kesho atachora dada yake.

Serikali nayo ina lawama yake. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi lilikuwa somo la mtihani. Baadaye likaondolewa kwenye mtihani wa KCPE, na kipindi chake kikawa cha Hesabu au cha kufyeka nyasi. Kizazi kizima kimekua bila kuambiwa macho yako wapi, kisha kizazi hichohicho kikapewa watoto wa mtaala mpya wa CBC kuwafundisha. Tumeahidiwa kwamba Gredi ya 10, ambayo kundi lake la kwanza ni la 2026, ina mkondo mzima wa sanaa na michezo. Nauliza tu nani atafundisha kuchora huku milimani, maana hadi sasa ninachokiona ni mzazi anatumwa karatasi ya manila saa mbili usiku, maduka yamefungwa, na ukungu umetanda hadi barabarani. Anainunua kwa shida, mtoto anaibandika, mwalimu anaipa alama, na hakuna aliyejifunza kitu. Nimechoka na manila. Kupima hakuhitaji manila.

Mkonge umejaa Mwatate na uzi unapatikana kila nyumba. Walimu wa Mwanda, wa Mgange na wa Werugha, msingoje waraka kutoka Nairobi. Kipindi kijacho wapangeni watoto wawili wawili, kila jozi na uzi wake. Mmoja asimame ukutani, mwenzake ampime kichwa kutoka utosi hadi kidevu, kisha aushushe uzi huo hadi kwenye nyayo akihesabu. Wa Gredi ya 3 watapata karibu vichwa sita. Mwalimu naye asimame apimwe, atakaribia saba na nusu. Kisha wakunje uzi, watafute macho, wapime kiganja juu ya uso, na namba zote ziandikwe ubaoni kabla ya mtoto yeyote kuchora jicho la kwanza.