Kadi ya besiboli si mkeka

Nina ugomvi na watengenezaji wa kadi za besiboli. Najua kuna watakaocheka: mwandishi wa gazeti wa Dar es Salaam na besiboli ya Wamarekani, wapi na wapi? Lakini wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu huu. Mjomba wangu anayeishi New Jersey alianza kunitumia hizo kadi nikiwa shule ya msingi, na mpaka leo akija likizo hakosi pakiti mbili tatu kwenye begi. Kwa hiyo nasema kama mkusanyaji. Na ninachosema ni hiki: kadi ilikuwa kumbukumbu, sasa imegeuzwa bahati nasibu, na ukitaka ushahidi angalia jinsi inavyosanifiwa.

Kwa wasiozijua, kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu, kama sentimita 6.4 kwa 8.9, kipimo ambacho kampuni ya Topps imekishikilia tangu mwaka 1957. Mbele kuna picha ya mchezaji, jina lake na timu yake. Nyuma kuna rekodi yake. Sikatai kwamba asili yake ni biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, na ile kadi maarufu ya Honus Wagner ambayo leo inauzwa kwa mamilioni ya dola ilitolewa na kampuni ya tumbaku. Baadaye zikahamia kwenye bigijii. Mwaka 1951 kijana wa Topps, Sy Berger, alikaa kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn na mwenzake Woody Gelman, wakabuni kadi 407 za mwaka 1952. Waliweka picha ya rangi, nembo ya timu, saini ya mchezaji iliyochapwa, na nyuma takwimu za msimu uliopita na za maisha yake yote ya uchezaji. Miaka iliyofuata zikaja takwimu za mwaka kwa mwaka.

Sasa kiangalie kitu hicho kwa jicho la mwandishi wa habari. Nani? Wa timu gani? Lini? Amefanya nini? Yote yamo. Ni habari kamili inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mtoto wa Chicago ambaye hajawahi kufika New York aliweza kujua kila kitu muhimu kuhusu mrushaji wa Yankees kwa senti chache, na bigijii juu.

Hata fremu ilikuwa na kazi. Kadi ya Topps ya mwaka 1971 ilikuwa na fremu nyeusi. Fremu ya rangi mbili, moja juu nyingine chini, ni 1975. Ya 1987 ilikuwa na fremu iliyochapwa kama ubao. Mzee wa Kimarekani anaweza kuinua kadi kwenye lundo na kukutajia mwaka bila kugeuza nyuma, kama vile sisi tunavyotambua gazeti kwa rangi ya kichwa chake kabla hatujasoma jina. Kila mwaka ulikuwa na sura yake, na kila sura ilibeba utoto wa watu fulani.

Mwaka 2016 Topps wakaondoa fremu kwenye kadi zao kuu. Picha ikatandazwa mpaka ukingoni, na kwenye pembe wakaweka kitu kama moshi. Mwaka 2017 wakafanya kibaya zaidi. Waligeukia nyuma ya kadi, wakakata takwimu, wakabakiza misimu mitano ya karibuni na jumla, na nafasi nyingine wakaipa anuani za wachezaji za Twitter na Instagram. Nauliza, jamani: mchezaji amecheza misimu 15, wewe unafuta kumi ili mtu ajue jina lake la Twitter? Na Twitter yenyewe iko wapi leo? Ilibadilishwa jina mwaka 2023. Idadi ya mipigo aliyopiga mtu mwaka 2004 haitabadilishwa na tajiri yeyote. Wakusanyaji walipiga kelele, na takwimu kamili zikarudi. Kumbe kelele zinasaidia. Lakini mwaka 2020 wakalilaza jina la mchezaji ubavuni mwa kadi, kulisoma mpaka ulaze shingo.

Hayo ya fremu na majina mtaniambia ni ladha tu. Sawa. Ugomvi wangu mkubwa uko kwenye rangi.

Zamani kadi ya mchezaji kwenye seti ilikuwa moja. Ukiipata, umeipata, unaiwekea alama kwenye orodha yako. Mwaka 1992 Topps walileta kadi ileile yenye maandishi ya dhahabu, ngumu kidogo kuipata. Leo kadi hiyohiyo, yenye picha ileile, inatoka kwa rangi nyingi mpaka unachoka: ya dhahabu ambayo nakala zake ni sawa na tarakimu za mwaka, nyeusi ya nakala chache zaidi, na nyinginezo kushuka mpaka ile iliyopigwa chapa ya moja kwa moja, yaani duniani kote ipo hiyo tu. Halafu kuna zilizobadilishwa picha kimyakimya. Ili uzitambue unatakiwa usome namba ndogo kama nyayo za sisimizi, chini kabisa nyuma ya kadi. Mkusanyaji amegeuzwa fundi saa.

Hata mabamba ya kuchapia wanayauza! Sisi wa magazeti tunalijua bamba: likishachapa kazi yake imekwisha. Wao wanayakata yale manne, la nyeusi, la samawati, la waridi na la njano, wanayatia kwenye pakiti na kuyaita hazina. Mtu analipa pesa apate taka za kiwandani, na anashangilia.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Mwaka 2003 kampuni ya Donruss ilinunua jezi aliyoivaa Babe Ruth uwanjani kwa zaidi ya dola 260,000, wakaikatakata vipandevipande na kuvibandika kwenye kadi. Babe Ruth, mfalme wa mchezo wao, jezi zake zilizobaki ni za kuhesabu. Sisi tukisikia kitu cha kale kimekatwa kiuzwe rejareja tunaita uharibifu. Kule waliita bidhaa mpya. Na afadhali hiyo, maana angalau ilijulikana ni ya nani. Geuza kadi nyingi za siku hizi zenye kipande cha kitambaa usome maandishi madogo ya nyuma. Kampuni inakuambia kwa lugha ya wanasheria kwamba kitambaa hicho hakihusishwi na mechi, tukio wala msimu wowote mahususi. Sasa ni cha nini? Kama ningempelekea mhariri wangu habari isiyohusiana na siku yoyote wala tukio lolote, ningerudishiwa kabla sijakaa.

Kwa nini imekuwa hivi? Kwa sababu kadi haisanifiwi tena kwa ajili ya mtu anayetaka kuitunza. Inasanifiwa kwa ajili ya ile dakika moja ya kufungua pakiti. Lazima kitu king'ae, lazima kiwe na namba ndogo, lazima moyo uruke. Siku hizi kuna watu hawafungui hata pakiti zao wenyewe. Unalipia timu moja, muuzaji anafungua boksi zima mbele ya kamera, kikitoka cha timu yako ni chako, kisipotoka umeliwa. Kadi za kawaida, zile zilizokuwa ndiyo roho ya mchezo wote, mara nyingi hata hawahangaiki kukutumia. Kwa lugha ya vijiweni kwetu, huo ni mkeka. Tofauti ni kwamba kwenye kubeti kuna tangazo la kukuonya.

Watetezi wana hoja, tuzisikie. Wanasema mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kampuni zilichapa kadi nyingi kupita kiasi mpaka zikakosa thamani, hivyo uchache ndio uliookoa biashara. Ni kweli zilichapwa kupita kiasi. Lakini dawa ya kuchapa nyingi ni kuchapa chache, siyo kuchapa kadi moja kwa rangi thelathini. Wanasema pia karatasi na picha za leo ni bora. Nakubali, kadi za zamani nyingine picha zake ni za kusikitisha. Lakini picha nzuri haihitaji kufuta rekodi wala kulaza jina.

Wengine watanitajia yule mtoto wa miaka 11 wa California aliyefungua pakiti ya Krismasi mwaka 2024 akakutana na kadi ya pekee ya Paul Skenes, iliyouzwa Machi 2025 kwa dola milioni 1.11. Nampongeza mtoto. Na kadi yenyewe naisifu: ina saini, na ina kiraka alichovaa Skenes kwenye jezi siku ya mechi yake ya kwanza katika ligi kuu. Siku inajulikana, mechi inajulikana. Hiyo ni kumbukumbu! Inaonyesha kwamba wakitaka wanaweza. Ila bahati ya mtoto mmoja haiwezi kuwa jibu kwa maelfu walioondoka na rundo la kadi wasizozitaka.

Wanaoudhika waende wapi? Hakuna pa kwenda. Tangu mwaka 2010 Topps ndiyo pekee yenye haki ya kutumia nembo za timu za ligi kuu. Panini walipojaribu kushindana ilibidi watoe wachezaji wenye kofia zisizo na nembo, kama vile wametoka kuazima nguo. Januari 2022 Topps ikanunuliwa na Fanatics. Muuzaji akiwa mmoja, mnunuzi hana mdomo. Ndiyo maana wakusanyaji wengi wamerudi kununua kadi za miaka ya 1970.

Ninachodai si kikubwa. Wekeni fremu inayoutambulisha mwaka. Andikeni jina likae wima, lisomeke bila kuwinda mwanga. Acheni takwimu za misimu yote zikae mahali pake. Kitambaa kisicho na historia msikiuze kama historia. Na katika kila seti iwepo kadi moja ya kawaida kwa kila mchezaji, ambayo mtoto mwenye pesa kidogo anaweza kuitafuta mpaka aimalize seti, aseme: nimemaliza.

Neno hilo, nimemaliza, ndilo wasilotaka alitamke. Mkusanyaji aliyemaliza hanunui pakiti nyingine.

Nawasilisha.