Mayai ya Pasaka na Maziwa ya Bibi



Kila Kwaresima inapofika katikati, swali huwa ni lile lile. Watoto wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza hapa mjini Arusha hurudi nyumbani na picha ya sungura aliyebeba kikapu cha mayai ya rangi, na mama hubaki akijiuliza kama hiyo ni Pasaka yetu au ni upagani wa Wazungu. Wengine mmetuuliza nje ya kanisa baada ya ibada, wengine hata kliniki, kwenye foleni ya kupima watoto uzito. Basi mwezi huu tulijibu.

Wengi mmesikia kwamba mayai hayo yalikuwa ya mungu wa kike wa majira ya kuchipua, aitwaye Eostre. Habari zake zinatoka kwa mtawa mmoja wa Uingereza, Beda, aliyeandika mwaka 725 kwamba mababu wa watu wake walikuwa na mwezi wenye jina hilo, na sikukuu ndani yake. Juu ya mayai na sungura Beda hakuandika hata neno moja. Jina lenyewe limebaki kwa Waingereza na Wajerumani. Sisi tunasema Pasaka, neno la Waebrania na la usiku ule wa kutoka Misri. Mayai yana sababu ya jikoni zaidi. Wakristo wa Ulaya zamani walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawajui Kwaresima, waliendelea kutaga. Ilipofika Pasaka kila nyumba ilikuwa na mayai tele, watu wakayala kwa furaha na kupeana zawadi. Wagiriki huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Huyo sungura naye alitokea Ujerumani, na daktari mmoja wa huko alikwisha mwandika mwaka 1682 kama hadithi wanayoambiwa watoto. Sisi hatumpendi sana. Sungura wetu wa hadithi ni mjanja wa kila aina, lakini hata yeye hajawahi kutaga.

Lakini tukitafuta asili tu, hatutafika mbali, kwani sikukuu huhama kama watu wanavyohama. Tazameni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kule Unguja. Mizizi yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi unaoanza majira ya kuchipua, tarehe 20 au 21 Machi. Hesabu ya siku iliyofuatwa pwani ilikuwa ya siku 365 bila mwaka mrefu, hivyo sikukuu ikawa inasogea siku moja kila miaka minne, hata leo huangukia mwezi Julai. Wanaoisherehekea ni Waislamu, wala si waabudu moto wa Uajemi ya kale. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa, akina mama huvaa kanga zao nzuri na kuimba, na kila nyumba hutaka ipate mgeni wa kumkirimu siku hiyo. Asili ni nyingine, majira ni mengine, na watu ni wengine.

Sisi wa chini ya Mlima Meru hatuna majira ya baridi yanayokwisha na maua kuchipua. Tuna masika. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati ule ule ambao mvua inakuwa imeshika, maharage yako ardhini na vichochoro vya Levolosi vimekuwa tope. Ndipo linapokuja swali lililo zito kuliko mayai, nalo ni la bibi zetu.

Mwaka juzi tuliombwa kuingia kati ya mama mkwe na mkwewe. Bibi anaishi Sambasha, Mwarusha wa miaka mingi, amebatizwa na hukosa ibada akiwa mgonjwa tu. Kila mvua ya masika inapoanza huchukua kibuyu cha maziwa na kishungi cha majani mabichi, akaita wajukuu, akanyunyiza maziwa shambani huku akimwomba Enkai, ndipo wapande mbegu za kwanza. Mkwewe, anayekaa mtaani kwetu, aliposikia alisema watoto hawatakwenda tena Sambasha likizo ya Pasaka. Ukutani sebuleni kwake, tulipokwenda kuongea naye, palikuwa na sungura wa karatasi wa kutoka shule. Tulimwonyesha. Hakucheka.

Tuseme wazi tulichokiona hapo. Cha Ulaya kilipita mlangoni kwa sababu kilikuja kwenye karatasi ya shule, na cha bibi kikazuiwa kwa sababu kilikuja kwenye kibuyu. Hiyo si imani, ni aibu ya kwetu. Jina lenyewe Enkai ndilo lililo katika Biblia ya Kimaasai, na katika lugha hiyo neno hilo hilo ni mvua na ni mbingu. Walioitafsiri Biblia hawakulitupa. Tena someni Kumbukumbu la Torati sura ya 26: Mwisraeli alitakiwa kuchukua malimbuko ya shamba katika kikapu, ayapeleke mbele za Bwana na kusimulia habari za baba zake. Kikapu na kibuyu havitofautiani sana.

Hata hivyo hatukutaka kumpa bibi ushindi wa bure. Tulikwenda Sambasha, tukakaa naye jikoni, tukamuuliza kwa heshima, “Mama, yale maziwa unampa nani?”

“Mungu, wanangu. Ndiye ameleta mvua. Nimpe nani mwingine?”

“Na usipoyamwaga, unaogopa shamba litakauka?”

Akanyamaza, akasukuma kuni ndani. “Naogopa kidogo,” akasema.

Jibu hilo lilitusaidia kuliko hotuba yoyote, kwani hapo ndipo penye mstari. Kushukuru ni kwetu sote. Kulipa ili usidhurike ni jambo jingine, na mtoto huvuta hofu ya mtu mzima kama anavyovuta moshi wa jiko. Na hofu hiyo haiko kwa bibi peke yake, maana wapo akina mama wa mjini wanaofunga uzi mweusi kiunoni mwa mtoto kisha wanauficha wakifika kliniki. Tunauona.

Walikubaliana hivi: bibi aombe kwa sauti, watoto wasikie anamwita nani, na maziwa wayanywe wote pale shambani. Majani mabichi bado yanamkera mkwewe hadi leo, na hatukumlazimisha. Ila watoto walikwenda.

Sasa mikono ya watoto ipate kazi. Jumapili ya Mitende wapeni majani ya ukindu wasuke misalaba midogo; bibi anayejua kusuka mkeka atawafundisha haraka kuliko sisi. Siku hiyo hiyo weka maharage matano kwenye kopo lenye pamba iliyolowana, yakae dirishani. Wakati wa kuyatazama kila jioni wasimulieni neno la Yesu la punje ya ngano, Yohana 12. Ikifika Pasaka yatakuwa yamechipua, kisha yapelekwe shambani kwa bibi.

Mayai msiyapake rangi ya ukuta wala ya nguo, maana yataliwa. Kusanya maganda makavu ya vitunguu vyekundu kumi au kumi na viwili, chemsha kwa lita moja ya maji nusu saa, chuja, acha ipoe, ongeza vijiko viwili vya siki. Chukua yai bichi lililooshwa, bandika juu yake jani la giligilani, lifunge kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni iliyochanika (kila nyumba inayo), kaza fundo, kisha chemsha humo dakika kumi na mbili. Ukifungua utakuta yai limekuwa la rangi ya udongo wa Meru, na jani limebaki jeupe. Kwa manjano tumia bizari. Yai la ganda jeupe huonyesha rangi vizuri. La kahawia hutoka jeusi kidogo, nalo linapendeza.

Yasikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji hukaa wiki moja yakiwa na maganda yake, na lililopasuka wakati wa kuchemsha liliwe siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo mkatie vipande, asipewe zima.