Zabibu za Dodoma na Wajibu Wetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (SW), aliyeiotesha mitende na mizabibu kutokana na maji ya mvua moja. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Tangu treni ya mwendokasi ianze safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, makao makuu ya nchi yamekuwa kama jirani zetu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kwenda asubuhi na kurejea usiku wa siku hiyo hiyo. Miongoni mwa mambo yanayonadiwa kwa wasafiri wa Dodoma ni utalii wa mvinyo. Mgeni hutembezwa katika mashamba ya mizabibu, huingizwa kiwandani akaona mapipa, kisha huonjeshwa na kuuziwa chupa. Kazi hiyo inahitaji madereva, waongoza wageni na wahudumu, na vijana wa Kiislamu ni miongoni mwa wanaotafuta ajira. Kwa hiyo jambo hili limefika milangoni mwa misikiti yetu, na haifai kulinyamazia.

Kilimo cha zabibu Dodoma kinanasibishwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, katika miaka ya 1950. Baadaye Serikali ilikuwa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, ambayo hatimaye ilianguka. Katika miaka ya 2000 kikaja kiwanda cha CETAWICO huko Hombolo, na vingine vikafuata. Ardhi ya Dodoma, pamoja na ukame wake, ina fadhila ambayo nchi nyingi za zabibu hazina: mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Maelfu ya wananchi, Waislamu wakiwamo, wanaendesha maisha yao kwa zao hili.

Hapa ndipo penye mtihani. Katika Surat An-Nahl, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo, na pia hupata riziki njema. Wafasiri wengi wameona kwamba hata kabla ya kileo kuharamishwa moja kwa moja katika Surat Al-Maida, aya hii ilikwisha kukitenga na riziki njema. Tunda ni lile lile. Hukumu hubadilika kwa kile ambacho mkono wa mwanadamu umekifanya.

Ama mvinyo wenyewe, hakuna mjadala. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas (RA), waliolaaniwa kwa ajili ya pombe ni watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mkamuaji, mbebaji, mnyweshaji, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Basi kijana anayewamiminia wageni mvinyo asijidanganye kwamba yeye hakuonja. Na dereva ajiulize anawapeleka watu wapi na kwa lengo gani. Kumpeleka mtu Bungeni au sokoni ni kazi halali. Safari iliyopangwa kwa ajili ya kunywa ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika aya ya pili ya Surat Al-Maida.

Na mkulima je? Wanazuoni wamelijadili suala la kumuuzia zabibu mtu atakayezikamua kuwa pombe. Imam Abu Hanifa aliruhusu, kwa kuwa maasi hayamo katika zabibu zenyewe. Wafuasi wa Malik na Ahmad wamezuia. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akijua kwa yakini ni haramu, na akishuku tu ni makuruhu. Mkulima anayepeleka zabibu zake, au mchuzi wa zabibu, kwenye lango la kiwanda cha mvinyo hawezi kudai kwamba anashuku tu.

Lakini tuwe waadilifu. Zabibu ikiiva haisubiri fatwa. Ikikaa siku chache juani inaoza, na mara nyingi wakulima wa Dodoma wamelia kwamba hata viwanda havimalizi mavuno yao. Mkulima huyo anapotazama huku na huku, mnunuzi wa halali yuko wapi? Tunamkemea kutoka kwenye mimbari, kisha tunakwenda madukani kununua zabibu kavu zilizosafiri kutoka nchi za mbali tutie katika biriani ya Idi. Uturuki, nchi yenye Waislamu wengi, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa zabibu kavu duniani. Jua la kukaushia zabibu limewaka Dodoma miaka yote hii; kilichokosekana ni mtaji wetu na azma yetu.

Wapo wanaosema utalii wa mvinyo utatajirisha mkoa. Watazame Afrika Kusini, ambako Stellenbosch ilianzisha njia yake ya mvinyo mwaka 1971. Wageni wamekuja na fedha zimeingia. Lakini katika mashamba ya jimbo hilo vibarua walikuwa kwa vizazi wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na hadi leo eneo hilo lina viwango vya juu mno duniani vya watoto wanaozaliwa na ulemavu uliosababishwa na pombe walizokunywa mama zao. Hesabu ya faida isiyowataja watoto hao si hesabu kamili.

Hatumlazimishi asiye Muislamu kufuata Sheria yetu. Nchi ni yetu sote. Tunasema na Waislamu. Wafanyabiashara wa Kariakoo, unganeni, mnunue zabibu shambani kwa ajili ya kula, sharubati, siki na kukausha. Kamati za misikiti ziwakutanishe wanunuzi hao na wakulima kabla ya mavuno, si baada yake. Na kijana mwenye kipaji cha kuongoza wageni asidhani hana pa kwenda: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006, imo katika mkoa huo huo wa Dodoma.

Tukumbuke siku ya Taif. Mtume (SAW), akiwa amepigwa mawe na miguu inachuruzika damu, alijisitiri penye bustani ya mizabibu, na mtumwa aitwaye Addas akamletea kishada cha zabibu. Akala kwa jina la Mwenyezi Mungu. Zabibu ilikuwa faraja kwa aliyeumizwa. Ni juu yetu kuirejesha kwenye daraja hiyo, kwa fedha zetu na si kwa maneno matupu.

Wabillahi tawfiq.