TUSIHUKUMU MGUU KWA MACHO

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mdogo wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akitembea, magoti yake hubaki yamekunjika kama mtu anayetaka kuketi. Watoto wa mtaani humcheka. Mimi mwenyewe, nakiri kwa aibu, nilikuwa nikimpigia kelele: "Nyoosha miguu wewe!" Jirani yetu naye keshakata kesi: eti mishipa ya nyuma ya mapaja ni mifupi, ikatwe mtoto anyooke. Leo nasema, hebu tungojeni kwanza!

Jamani, kutembea si jambo jepesi tunavyodhani. Kila hatua ni kazi ya misuli mingi kwa pamoja. Kigimbi husukuma mwili mbele, misuli ya mbele ya paja huzuia goti lisilegee, nayo ya nyonga huinua mguu. Mmoja ukishindwa, mingine hubeba mzigo wake. Jicho huona goti tu. Halioni ni msuli gani unaolivuta.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Wataalamu huunda mguu wa kuigiza: mifupa, viungo, na misuli iliyo kama kamba, kila mmoja na urefu na nguvu zake. Hesabu za nguvu hizo zina mizizi katika kazi ya Mwingereza A. V. Hill ya mwaka 1938. Kisha mgonjwa hupigwa picha kwa kamera akitembea, na mguu ule wa kompyuta ukafanywa utembee vivyo hivyo. Mwaka 1996, Scott Delp na wenzake huko Marekani waliwachunguza hivyo watu waliotembea magoti yamekunjika. Kumbe! Wengi wao misuli ya nyuma ya paja haikuwa mifupi kamwe. Basi ukirefusha kwa kisu msuli usio mfupi, si waweza kuudhoofisha bure?

Najua wapo watakaosema kompyuta haimjui mtoto. Ni kweli. Ukiilisha vipimo vibovu, itakupa jibu bovu, na daktari bado lazima amshike mgonjwa kwa mikono yake. Wengine watasema hayo ni ya matajiri. Sikubali! Programu ya OpenSim, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007, haiuzwi. Ni ya bure. Tunachohitaji ni vijana wa kuitumia. Kwa hivyo wewe unayesinzia katika somo la fizikia na kuuliza nguvu na wenzo vitakufaa nini, jibu liko katika miguu ya mdogo wangu.

Nimekwisha kumwomba radhi. Siku hizi tukienda dukani, natembea mwendo wake. Haraka haraka haina baraka, na penye kisu ndiyo haina kabisa.