Vinamasi vya Grain Visiguswe

Katika jimbo la Kent, nchini Uingereza, mahali mto Medway unapokutana na Thames, ipo kata ya mashambani iitwayo Isle of Grain, ambayo ardhi yake imegawanyika baina ya kijiji, malisho ya vinamasi yaliyokingwa kwa kuta za udongo, na viwanda. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifungwa mwaka 1982. Dohani la kituo cha umeme, lenye urefu wa mita 244, likaangushwa mwaka 2016.

Rai yangu ni hii: madhali viwanda hufa na kuacha viwanja vitupu, kila mradi mpya na ujengwe kwanza juu ya viwanja hivyo, si vinamasini, kwani tope la pwani hiyo, maji yakupwapo, ndilo riziki ya ndege wa pwani, na kinamasi kikishafukiwa, hakirejeshwi kwa mali wala kwa majuto.